Fulana ya Mlingoti

Tarehe 3 Februari

Binti yangu, mama yangu wewe,

Habari za huko? Unakula? Mgongo unaendeleaje na hayo mashuka ya watu unayobeba kutwa? Mimi mzima, ila goti la kushoto linajifanya lina umri mkubwa kuliko mwenyewe. Sikio nalo ni lile lile, kwa hiyo habari ya simu tuiache, tutapigiana kelele mpaka majirani waje kusuluhisha. Barua hainiharakishi, inanisubiri nivae miwani.

Gunia limefika! Mzee wa mizigo alilitua hapa kibarazani akaniuliza kama naanzisha timu ya mpira. Fulana arobaini na moja, na karibu zote nzima. Hivi kweli hao wageni wa hoteli wanaziacha tu kwa madobi, hawarudi kuzichukua? Haya, wao watupe, sisi tuokote.

Sasa sikiliza mama yako alivyo mjanja. Nakata mikono yote miwili, nabakiza mabega, hapo tayari una vishikio. Shingo naikata duara pana, ndio mdomo wa mfuko. Nageuza ndani nje, nashona chini mara mbili, kwisha kazi. Robo saa tu una mfuko wa sokoni unaobeba hata viazi. Zenye madoa nazikata utepe mmoja mrefu kwa kuzunguka, kama unavyomenya chungwa bila kukatisha ganda, nauvuta ujikunje, nasuka zulia la mlangoni. Muuza mboga wa jirani amechukua mifuko sita. Binti yake, yule wa miaka minne mwenye maswali kama hakimu, kaning'ang'ania mpaka nikamshonea mwanasesere wa mikono iliyobaki.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni. Mdogo wako. Mlingoti wangu mbona haniandikii? Mwezi huu unatimia mwaka na miezi miwili sijaona hata mstari wake. Wewe unaniletea salamu zake, sawa, nashukuru, ila mimi nataka kuona mwandiko wake ule wa kuku kaparua. Aandike hata "Mama nipo", inatosha. Nakumbuka siku mnaondoka, nimeshika mlango wa basi, nikakwambia: wewe ndiye mkubwa, usirudi bila yeye. Mkacheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa kuwafuatisha tu. Neno langu liko pale pale.

Mama yako


Tarehe 20 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limepata adabu. Ulikanda kwa maji ya moto kama nilivyokwambia, au umekaa tu kulisema? Mimi sijambo. Mgongo umezoea.

Barua yako nimeisomea kazini, nimejibanza kati ya mikokoteni ya mashuka, nikacheka peke yangu hadi msimamizi akaja kuangalia nina nini. Madobi wenzangu wote sasa wananiwekea fulana zisizo na mwenyewe. Gunia la pili linakuja na barua hii. Sikulifunga mimi, zamu zimeniwia nyingi wiki hii. Amelifunga Bi Pasi, mwenzangu wa chumba. Tunamwita hivyo kwa sababu anapiga pasi hata soksi. Nilimwambia akusanye fulana zote kuukuu zilizomo chumbani atie ndani, na yeye ukimwambia zote, ni zote.

Mlingoti hajambo. Yuko bado kule kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, mbali, hakuna posta wala mtandao. Alinipigia walipotoka kufuata vifaa mjini. Anasema amenenepa. Anakusalimia mno, anasema akitulia ataandika.

Kuhusu kuja nyumbani, Mama, likizo bado. Usiniulize kila barua, nakuomba.

Kuna mashine moja ya kukaushia hapa, ya mwisho ukutani. Ikibaki nguo moja tu ndani inagonga, du, du, du, kama mtu anabisha hodi kwa mkono mmoja. Wenzangu hata hawaisikii. Mimi siku hizi siimalizi mpaka nimetia na nguo nyingine. Ujinga tu.

Mwanao


Tarehe 9 Machi

Binti yangu,

Salama? Mimi leo usiniulize goti, leo naweza kucheza ngoma!

Nimefungua gunia la pili. Natoa moja moja, hii ya mfuko, hii ya zulia, hii ya mto. Natia mkono tena, natoa ya kijivu, na chini kabisa naona kile kipande changu cha mistari. Jamani! Nikakaa chini sakafuni na goti langu lote.

Unaikumbuka? Alipofika miaka kumi na saba akawa hakuna fulana inayomfika kiunoni, watu wakaanza kumwita Mlingoti. Nikachukua shati lake la shule, lile la mistari ya buluu na nyeupe, nikakata kipande cha vidole vinne nikaiongezea pindoni. Alinuna siku mbili, ati namvalisha gauni. Kisha akawa haivui. Duniani hakuna mwingine mwenye fulana yenye mkia wa shati la shule. Nimeinusa, inanuka sabuni yenu tu, lakini nimelia hivyo hivyo, kilio cha raha. Kumbe aliacha nguo zake kwako na hukuniambia!

Ila niambie, ni nani huyo mhalifu aliyeikata? Mbele imefunguka yote, toka pindoni hadi shingoni. Na kwenye kile kipande cha mistari kuna doa la rangi ya chai. Dobi mzima, mwanangu, umeshindwa na doa la chai? Aibu yako.

Sitaikata mfuko hii. Nitaiziba mbele, iwe tayari siku atakayokuja. Kwa sasa nimeitundika kwenye msumari, nyuma ya kigoda changu cha kushonea, ili ninapokanyaga pedali iwe mgongoni kwangu.

Nikwambie kichekesho. Leo mchana, jua la saa nane, yule binti wa muuza mboga kaja na mwanasesere wake. Akasimama mlangoni akaamkia, "Shikamoo." Nikaitikia. Akasema, "Sio wewe. Yule kaka mrefu. Mbona haitikii?" Nikageuka, ni fulana tu, upepo umeijaza kifua. Nilicheka sana. Lakini kigoda changu nimekisogeza, sasa nakaa ubavu ubavu.

Mama yako


Tarehe 25 Machi

Shikamoo Mama,

Hujambo? Sijambo. Naandika haraka.

Ile fulana haikutakiwa kuja. Ilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda changu, Bi Pasi akaona imekatwa, akadhani ni ya matambara. Nimemgombeza mpaka amelia. Mama, nakuomba usiishone, usiikate, usiitundike. Ikunje uirudishe kwa mzee wa mizigo ije kwangu. Nakuomba sana.

Aliikata mwenyewe Mlingoti. Alitaka kitambaa cha kufutia mikono, akabadili mawazo, basi. Unamjua alivyo. Hakuna kingine.

Anakusalimia.

Mwanao


Tarehe 10 Aprili

Binti yangu,

Natumai u mzima. Mimi naendelea. Umeandika haraka kweli, hata goti hukuliuliza, nalo limenuna.

Mwombe radhi Bi Pasi. Mtu aliyeambiwa zote akatia zote hana kosa.

Fulana bado ipo msumarini. Tambara la kufutia mikono, unasema, na tambara hilo hilo unalililia lirudi. Haya. Sijaiziba. Kila nikishika sindano naiweka chini. Siku hizi kazi haiendi, mwanangu. Nimeshona mifuko miwili tu wiki nzima, na mmoja nimeshona mdomo badala ya kitako. Nikiwa nakanyaga pedali nahisi mtu amesimama ananiangalizia mshono, kama alivyokuwa akifanya yeye, ananiuliza "umekwenda upande, Mama?" Nikiinua mguu, kimya. Jumatatu niliigeuza fulana itazame ukuta. Mchana niliporudi toka sokoni inatazama mlangoni. Najua ni upepo. Upepo wenyewe ndio siku hiyo sikuusikia. Binti wa muuza mboga kila akipita anaiamkia, kisha anasubiri, halafu anaondoka amekasirika.

Nitakurudishia, ila kwa sharti dogo, lisikuogopeshe. Siku mnaondoka, kabla hajaivaa, nilifumua pindo la kipande kile nikaandika maneno mawili kwa uzi mweusi upande wa ndani, nikalifunga. Tunajua mimi na yeye tu. Akipiga simu muulize, Mama aliandika nini? Nijibu alichosema. Siku nitakayopata jibu ndiyo siku fulana itapanda gari.

Mama yako


Tarehe 2 Mei

Shikamoo Mama,

Goti linaendeleaje? Samahani sana kwa barua ile, kazi zilinichanganya akili. Bi Pasi nimemwomba radhi, amenisamehe, na amenipigia pasi mpaka leso.

Samahani na kwa kukawia. Nilikuwa nasubiri Mlingoti apige. Amepiga juzi! Nimemuuliza. Amecheka sana, Mama, anasema hujaacha mambo yako. Anasema uliandika "Rudi salama". Anasema kila alipokuwa akiivaa alikuwa akiligusa pindo kwa kidole.

Sauti yake nzuri kabisa, hana hata mafua. Basi sasa unaweza kuituma.

Mwanao


Tarehe 14 Mei

Binti yangu,

Nimekusalimia. Kaa chini usome.

Ndani ya pindo lile hakuna kitu. Sijawahi kuandika neno lolote kwa uzi kwenye nguo ya mtu. Mlingoti angekujibu, "Mwambie Mama aache utani." Na wewe ulipaswa kujua angejibu hivyo.

Mimi nimekata nguo miaka thelathini na sita. Mtu akiniletea kitambaa nakwambia kimekatwa na mkasi mkubwa au mdogo, na mwenye haraka au mwenye wasiwasi. Mwanzoni furaha ilinipofusha. Siku ya tatu nikaishusha fulana nikailaza mezani. Mbele imekatwa mara moja tu, mstari mmoja bila kusita, toka chini kwenda juu. Anayejikatia tambara hakati hivyo, anachana kipande. Kisha nikaona mikono. Ulidhani sitaona mikono? Yote miwili imekatwa pia, toka mwishoni hadi shingoni. Nikaifungua ikalala mezani kama ganda la ndizi. Kitambaa cha fulana kikikatwa hujikunja ukingoni, na kingo hizi zimejikunja kwa kufuliwa mara nyingi. Na lile doa si chai, wala si wewe uliyeshindwa nalo.

Hivyo ndivyo anavyovuliwa nguo mtu asiyeweza kuinua mikono.

Nilijua hapo hapo. Nikajiambia nimekosea, nimezeeka, macho. Ndiyo maana nikakuuliza lile swali la uongo. Nilikuwa naomba uniletee jibu la utani, mwanangu. Nilikaa wiki tatu naliomba.

Niambie.

Mama yako


Tarehe 20 Juni

Binti yangu,

Mzee wa mizigo amepita mara mbili, mara zote ananiambia hana barua yangu. Anasema amekuona, unatembea, unakula. Basi angalau hilo nimelipata.

Sishoni tena. Naweka kigoda, nakaa tukitazamana na ile fulana. Binti wa muuza mboga jana kaniuliza kaka mrefu anaumwa nini. Nikamwambia sijui, namsubiri dada yake aniambie.

Mama yako


Tarehe 18 Julai

Mwanangu,

Hata kama ni mstari mmoja.

Mama


Tarehe 1 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado utaitikia.

Barua hii nimeianza mara nyingi, Bi Pasi anaziokota zilizokunjwa chini ya kitanda. Leo amekaa mlangoni, kasema sitoki mpaka niimalize.

Mlingoti hayupo. Alifariki tarehe 11 Desemba, mwaka juzi. Hakuna kambi, wala barabara, wala simu. Kila salamu uliyosoma niliitunga mimi.

Alikuwa akipaka rangi jengo la ghorofa tatu nyuma ya hoteli yetu. Kazi ile nilimtafutia mimi. Asubuhi ile aliamka na homa, akaniambia, "Dada, leo kichwa kinazunguka." Nikamwambia aache kudeka, siku moja ya kulala na kazi wanampa mwingine. Ndivyo nilivyosema, Mama. Aliivaa ile fulana, akasema atarudi mapema. Saa nne walikuja kuniita nikiwa nimeshika shuka la mtu. Alikuwa ameanguka toka kwenye ngazi.

Nilipofika hospitali walikuwa wameshaikata fulana yake. Nesi alinipa vitu vyake kwenye mfuko, akaniambia walifanya haraka walivyoweza. Alikuwa bado anapumua. Alinishika kidole, hakusema kitu, au alisema mimi sikusikia, mashine zilikuwa zinalia. Saa nane mchana akatulia.

Tulimzika kesho yake, madobi wenzangu na wapaka rangi wachache. Najua alipo, nina namba ya kaburi, naenda kila Jumapili. Nilimnunulia shati jeupe. Mikono ilikuwa mifupi, kama kawaida yake, nikaivuta, haikufika. Nilisimama pale nawaza kwamba ungekuwapo ungeiongeza.

Fulana niliifua. Nimeifua mara ishirini, Mama. Dawa zote za kazini za kutolea madoa nimezitia. Kwenye kijivu doa likatoka. Kwenye kipande chako cha mistari halikutoka, na sikuweza kuitupa wala kuitazama. Nikaifunga mfukoni nikaisukuma chini ya kitanda, nami nalala juu yake. Ile mashine inayogonga ndiyo niliyoikaushia. Iligonga siku ile mpaka nikaziba masikio, na mpaka leo naijua sauti yake, ni yeye anabisha mimi simfungulii.

Siku aliyofariki nilinunua karatasi nikuandikie. Nikaandika "Mama", nikakukumbuka umeshika mlango wa basi. Wewe ndiye mkubwa, usirudi bila yeye. Nikasema nitakwambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata ukaniletea barua unauliza kama amepata sweta. Nikajibu amepata. Basi, nikaendelea kushona juu ya hapo hapo. Likizo nimepewa mara mbili, zote nimezikalia chumbani. Nirudi na nini? Nishuke kwenye basi lile peke yangu, wewe umesimama unatazama nyuma yangu nani anafuata?

Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu usiendelee kuitazama fulana hiyo ukiwa peke yako.

Mwanao


Tarehe 19 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Marahaba mara zote nilizokuwa sijaitikia.

Sitakudanganya, nimekukasirikia. Barua yako niliisoma kwa kusimama, nikaiweka chini ya cherehani, siku nne sikuigusa. Mwaka mzima na miezi minane umeninyima kumlilia mwanangu. Nilikuwa nacheka na muuza mboga, nashona mifuko, na yeye yuko chini. Hilo litaniuma mpaka nife, na sitakuficha likiniuma. Utanivumilia.

Siku ya tano nikaichukua barua nikaisoma tena, na mara hii nikakuona wewe. Nikakuona unalala juu ya mfuko ule. Unafua mara ishirini. Nikasema, mjinga mimi, nilikuwa na watoto wawili kule, nimekuwa nikiulizia mmoja.

Ile homa, mwanangu. Mimi nimewaamsha nyote na homa zenu niwapeleke shule, nikiwaambia muache kudeka. Maneno yale umeyatoa kinywani kwangu. Kama ni kosa, tutaligawana, kama tulivyokuwa tukigawana kitanda. Na mikono ya shati, usiwaze. Ningeiongeza, ndiyo, lakini ulivuta, na yeye amezoea nguo fupi.

Tumemlilia hapa. Majirani walijaa kibarazani siku tatu. Mvulana wangu amepata kilio chake.

Baada ya hapo nikachukua mkasi. Nimeikata fulana. Mgongo na kifua nimetoa mito miwili midogo. Ule mkato wa mbele sikuuficha, nimeuziba kwa uzi mwekundu uonekane, maana ulikatwa na mtu aliyekuwa anajaribu kumwokoa. Mikono nimeijaza ndani na mabaki ya fulana zako. Kipande cha mistari nimekigawa nusu kwa nusu, kila mto una vidole viwili. Doa nimeliacha. Mto mmoja upo kwenye kigoda changu. Wa pili sikutumii, upo juu ya kitanda chako, ukiutaka uufuate. Na yale maneno mawili uliyoyatunga wewe, sasa nimeyaandika kweli, kwa uzi mweusi, ndani ya pindo la mto wako. Herufi zimekwenda upande, sijazoea.

Msumari nimeung'oa. Jana, jua la saa nane, binti wa muuza mboga kaja. Akasimama mlangoni, akatazama ile kona, akaniamkia mimi tu, akakaa akaanza kucheza na mwanasesere wake. Nilimtazama muda mrefu. Nilitamani aamkie mara ya pili, hata nilingoja. Hakuamkia.

Nyumba imekuwa kubwa, mwanangu. Cherehani naikanyaga, nageuka, hakuna mtu wa kuniuliza kama nimekwenda upande.

Lile neno la mlangoni mwa basi, nililishona kwa woga na nimelifumua leo kwa mkono wangu, uzi hadi uzi. Omba likizo. Msalimie Bi Pasi, mwambie gunia lake lilikuwa na baraka. Nitakuwa stendi, na sitatazama nyuma yako.

Rudi bila yeye.

Mama yako